Saa ya Mkono wa Nani

Gazi, 9 Oktoba 2023

Mwanangu Hafsa,

Assalaam alaykum. Barua hii inatoka katika nyumba yenye uzima, alhamdulillahi. Mama yako Mwanapili anakusalimu. Goti lake limepunguza maumivu tangu alipoanza kulikanda kwa maji ya chumvi, ila hakubali kusema hivyo kwa kuwa mimi mumewe ndiye niliyemshauri. Ngedere wamekula mahindi yote ya upande wa barabarani. Kaburi la ndugu yangu, marehemu baba yako, nimelipalilia juma lililopita, na jiwe la kichwani limesimama sawasawa.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Swabir ndugu yako na Mbwana mwanangu wamehitimu mafunzo ya kuzamia. Klabu moja ya Diani imewachukua wote wawili wawafuate wageni kwenye matumbawe ya upande wa Chale. Klabu huwapa mitungi ya hewa, viatu vya mapezi na miwani. Kitu kimoja haitoi: kompyuta ndogo ya kuvaa mkononi, ambayo vijana huiita saa, ingawa kazi yake ni zaidi ya kutaja wakati. Asiye nayo humfuata kiongozi kama mbuzi amfuatavyo mchungaji, na haruhusiwi kuongoza mgeni hata mmoja.

Nimeuliza Ukunda. Zilizopo ni zile ambazo wageni huziacha wakirudi kwao, na mimi sitaki kitu kilichozeekea mkononi mwa mtu nisiyemjua. Wewe uko Muscat, na uliwahi kusema kwamba hoteli unayofanyia kazi ina wazamiaji. Ulizia saa ya vijana wetu, isiyo ya bei kubwa, inayomfaa mtu anayeanza. Usinunue kabla hujaniandikia. Simu ni ya kujuliana hali. Jambo la kuamuliwa huandikwa.

Ami yako,
Chande Shutu


Muscat, 2 Novemba 2023

Ami yangu,

Shikamoo, na waalaykum salaam. Nimeisoma barua yako katika chumba cha kufulia, mashine zikinguruma pande zote, na nikasikia sauti yako juu ya mashine zote. Nina afya. Joto limepungua, na sasa tunaweza kwenda sokoni kwa miguu. Mwambie Mama Mwanapili kwamba kanga alizonitumia zimefika na hazijatoka rangi.

Kuhusu saa, Mwenyezi Mungu amenikutanisha na mtu. Anaitwa Ngui, Mkamba wa Kitui, ndiye anayefundisha wageni kuzamia katika hoteli yetu. Nilimwuliza ilikuwaje mtu wa Kitui akafika chini ya bahari. Akasema, "Dada, mimi niliona bahari nikiwa na ndevu. Nilikuwa nimengoja maji miaka yote hiyo, nikaona niingie kabisa." Siku ya mapumziko alinipeleka dukani.

Muuzaji alituwekea saa tatu juu ya kioo. Ya kwanza ina uso wa rangi kama simu, inapendeza sana. Ngui akaisukuma kando. "Hii ni ya kupigia picha. Na lazima uichaji kila mara. Huko kwenu stima ikipotea utaichaji na nini, na mkaa?" Ya pili haina urembo: tarakimu nyeusi kubwa juu ya uso wa kijivu, vitufe viwili, taa ndogo, na betri mfano wa sarafu ambayo mtu huibadilisha mwenyewe. Mkanda wake ni mrefu, unazunguka juu ya vazi la kuzamia. Inahesabu hewa ya kawaida, na pia ile hewa iliyoongezwa oksijeni, kama vijana watafika huko baadaye. Ya tatu ni ya mkono wa pili, nafuu kuliko zote, lakini kioo chake kimekwaruzika na hakuna ajuaye kama maji hayajapenya. Zipo pia zinazosoma hewa iliyobaki mtungini kwa mbali, bila mpira wa kuunganisha. Ngui anasema hizo ni za mtu aliyekwisha kushiba.

Nilimwuliza saa hii hufanya nini hasa. Alinieleza hivi. Katika hewa tunayovuta imo naitrojeni, ambayo mwili hauitumii. Chini, kwa uzito wa maji, naitrojeni hiyo huingia mwilini kidogo kidogo, kama chumvi inavyoingia katika samaki. Kadiri unavyokwenda chini na kukaa, ndivyo inavyozidi kuingia. Ukipanda kwa utaratibu hutoka yenyewe. Ukizidisha muda au ukipanda mbio hugeuka povu ndani ya damu. Saa huhesabu kilichoingia, hukwambia umebakiwa na dakika ngapi, na hulia ukipanda haraka. Na ukishatoka majini haiachi kuhesabu, kwa sababu kilichoingia asubuhi hakijaisha mchana.

Kisha akaniuliza, "Ni ya mkono wa nani?" Nikasema ni ya vijana wetu. Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Vijana wangapi? Hii kitu haikopeshwangi, dada. Inakumbuka mwili wa mwenye kuivaa. Ya wawili si ya mtu."

Basi Ami, nitajie jina moja, nami nitanunua.

Mwanao,
Hafsa


Gazi, 27 Novemba 2023

Mwanangu Hafsa,

Salaam ziwe nawe. Mvua imenyesha siku nne mfululizo na ngedere wamehama. Mwanapili amefurahi kuhusu kanga. Wifi yake wa Msambweni amejifungua mtoto wa kike akapewa jina la Ummi. Mkumbuke katika dua.

Nimezipima saa zako tatu. Nunua ya pili. Chombo cha mtu anayeanza kinapaswa kusomeka kwa urahisi, kitengenezeke nyumbani, na kisimfanye mwenye nacho ajione bingwa kabla ya wakati. Ya rangi ina aibu ya kuzimika. Ya tatu hatuijui imetoka wapi. Muulize muuzaji kama anauza betri ya akiba na kifuniko cha kulinda kioo. Vitu hivyo viwili viwemo ndani ya bei.

Mpe salamu huyo Ngui na umwambie kwamba ameeleza vizuri sana, isipokuwa Kiswahili chake kimekatikakatika. Hatusemi "hii kitu haikopeshwangi". Tunasema "kitu hiki hakiazimwi". Kinachorudi chenyewe huazimwa; kinachorudi badala yake hukopeshwa.

Ama swali la mkono wa nani, jibu ni kwamba saa ni ya nyumba. Ulipoingia hapa na Swabir, mna begi moja kati yenu, baba yenu hajamaliza arubaini, niliwaketisha pamoja na Mbwana kwenye sinia moja. Nilisema kwamba katika nyumba hii hakuna changu, ili pasitokee siku mtoto mmoja akamwita mwenziwe yatima. Tangu siku hiyo hakuna aliyewahi kulisema neno hilo. Sitaanza leo, kwa ajili ya saa.

Ami yako,
Chande


Muscat, 20 Desemba 2023

Ami yangu mpenzi,

Shikamoo. Hapa kuna baridi ya asubuhi ambayo hunikumbusha mvua ya kwenu. Nimemwombea mtoto Ummi.

Saa nimeinunua, ile ya pili. Muuzaji alikubali betri ya akiba. Kifuniko nimekiongeza mwenyewe. Kifurushi nimekituma kwa jina lako, utakipokea kwa wakala pale Kona ya Musa. Vijana waioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila watokapo baharini, na wasiiache juani. Kabla ya kuzamia mara ya kwanza waiweke katika upande wa tahadhari zaidi. Ngui ameandika namna ya kufanya, nami nimeiweka ndani.

Ngui alicheka uliposahihisha maneno yake, akasema ana deni la shule kwako. Lakini amenikumbusha tena lile jambo lake. Mimi si wa kukufundisha wewe uliyenishika mkono nikaandika alifu kwa mara ya kwanza. Ila, ikiwezekana, na kama si taabu kwa nyumba, ingekuwa vizuri saa ivaliwe na mmoja. Nawe ndiwe ujuaye zaidi.

Mwanao mtiifu,
Hafsa


Gazi, 18 Januari 2024

Mwanangu Hafsa,

Mungu akulinde. Tumeipokea amana yako ikiwa nzima. Nilikwenda Kona ya Musa mwenyewe, kwa kuwa sikutaka wakala amkabidhi mtu mwingine, na nikangoja juani mpaka akamaliza kula.

Ungefurahi kuwaona. Nilifungua boksi mkekani baada ya isha. Mbwana aliivaa kwanza, akanyanyua mkono kama waziri. "Kuanzia leo, mniite Bwana Mkubwa wa Chini." Swabir akamjibu, "Bwana Mkubwa, umeivaa kichwa chini. Utazamia kwenda mbinguni." Mwanapili alicheka hadi akashika goti. Muda mrefu sikuwa nimewasikia wakicheka namna ile.

Kisha niliwapa utaratibu. Juma moja ataivaa Swabir, juma la pili Mbwana, na hivyo hivyo. Asiye na zamu atamfuata kiongozi kama alivyokuwa akifanya. Na mwenye zamu asimnyime mwenziwe akihitaji. Swabir alifungua mdomo, akaufunga. Nikamwuliza, "Una neno?" Akasema, "Sina, Ami." Mbwana alikuwa akitazama saa.

Klabu imeanza kumpa Swabir wageni wawili wawili. Anasema mgeni mmoja alimwonyesha kwa ishara kwamba ameona kasa, naye alikuwa amekwisha kumwona zamani, akajifanya kushangaa. Huo ndio uungwana.

Umefanya jambo kubwa. Nimemwambia kila mtu msikitini kwamba saa imetoka kwa binti yangu.

Ami yako,
Chande


Muscat, 11 Februari 2024

Ami yangu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia jana na nimeifurahia, hasa habari ya kasa.

Nisamehe nikiuliza. Uliandika kwamba mwenye zamu asimnyime mwenziwe akihitaji. Je, ulikusudia katika siku ile ile moja? Nilimsomea Ngui sehemu hiyo. Aliweka kikombe chake chini. Akasema, "Juma kwa juma, sawa, si vizuri lakini sawa. Siku moja, hapana. Mwambie mzee. Mwambie pole pole, lakini mwambie."

Nimekwambia pole pole, Ami.

Ramadhani inakaribia. Niandikie kama mnahitaji tende.

Mwanao,
Hafsa


Gazi, 8 Machi 2024

Hafsa,

Salaam. Mama yako Mwanapili alikwisha kukupigia simu, kwa hiyo unayajua yaliyotokea. Sikuishika simu siku ile. Nitaandika jinsi yalivyotokea, kwa kuwa yeye alikuwa akilia na huenda hakuyapanga.

Lilikuwa juma la Mbwana. Asubuhi Mbwana aliamka na homa, akalala. Saa ilibaki nyumbani, ikining'inia kwenye msumari ukutani. Swabir alikwenda kazini bila saa, akazamia mara mbili asubuhi hiyo nyuma ya kiongozi, mahali pa kina, nje ya Chale. Alasiri wakaongezeka wageni, na klabu ikamwomba Swabir azamie mara ya tatu na kuongoza mmoja wao. Akasema hana saa. Mbwana, ambaye homa ilikuwa imemwachia, alisikia kwa simu. Alipanda bodaboda kutoka hapa hadi Diani ampelekee. Hayo ameniambia mwenyewe, na amerudia maneno aliyomwambia mwenziwe pale ufukweni: "Chukua, ndugu yangu. Leo mimi sizami. Nyumba yetu haina changu."

Swabir akaivaa. Saa ilimwonyesha dakika nyingi, naye akakaa kwa kadiri ilivyomruhusu. Alipanda polepole, akasimama karibu na juu kama alivyofunzwa. Hakukosea hata kitu kimoja. Ndani ya mashua alilalamika kwamba bega linamwasha na kwamba amechoka kupita kiasi. Walipofika ufukweni aliruka ashuke, na miguu haikumpokea.

Klabu walimpa oksijeni na kumkimbiza Mombasa. Huko kuna chumba cha chuma ambamo mgonjwa hurudishiwa uzito wa kina bila maji, kisha hupunguziwa kidogo kidogo. Alitiwa humo mara kadhaa. Sasa vidole vya mguu wa kulia vinacheza. Wa kushoto bado.

Daktari aliniita ofisini. Alikuwa ameishika saa ile. Aliniuliza, "Mzee, asubuhi ile saa hii ilikuwa wapi?"

Nikamjibu, "Ukutani, kwenye msumari."

Akasema, "Basi ilidhani na yeye alikuwa ukutani."

Aliniwekea saa mkononi nikatoka nayo.

Barua yako ya Februari ilifika Ijumaa iliyopita. Swabir tayari alikuwa na siku kadhaa hospitalini.

Chande


Muscat, 2 Aprili 2024

Ami,

Shikamoo. Ramadhani iko kwenye kumi la mwisho, na nimengoja hasira ipungue kabla ya kushika kalamu. Haijaisha, lakini imepungua kiasi cha kuandika bila kukuvunjia heshima.

Mama Mwanapili alipopiga simu nilisikia unakohoa nyuma yake. Nilikijua kikohozi chako. Nilisema, "Nipe Ami." Akasema umetoka. Tuliache hilo.

Usiku ule nilikwenda kwa Ngui nikamlaumu mbele ya watu. Nilimwambia kwamba angepaswa kunieleza kwa nguvu zaidi. Aliniacha nimalize. Akasema, "Mimi nilikwambia 'mwambie hapana'. Wewe ulimwandikia nini?" Nilikuandikia "ikiwezekana". Nilikuandikia "kama si taabu". Nilikuandikia "nawe ndiwe ujuaye zaidi", hali ya kuwa katika jambo hilo mimi nilijua na wewe hukujua. Mtoto aliyelelewa vizuri hamwambii mzee wake "usifanye".

Lakini kuna lingine, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Swabir alijua. Jambo hili hufundishwa siku za mwanzo kabisa za mafunzo. Ngui amenionyesha lilivyoandikwa. Mbwana pia alijua, kwa kuwa walikaa darasa moja. Ulimwuliza Swabir kama ana neno, naye akasema hana. Mbele yako, Ami, hakuna kati yetu aliyewahi kuwa na neno. Swabir alipokuwa na miaka minane alikanyaga msumari, akala nawe chakula cha jioni chote na damu ndani ya kiatu, kwa sababu ulikuwa unazungumza.

Sisi sote watatu tulifunzwa na mtu mmoja, na tulifunzwa vizuri.

Nimetuma tende. Zile laini ni za Swabir.

Hafsa


Gazi, 5 Mei 2024

Mwanangu Hafsa,

Salaam za mtu aliyechelewa kujibu zikufikie. Nilianza barua hii mara nyingi. Idi ilipita kimya kimya. Mwanapili hakushona nguo mpya, wala hakuna aliyemwuliza kwa nini.

Barua yako nimeisoma mwenyewe, kisha nikaisoma kwa sauti mbele ya Swabir. Nilipofika kwenye msumari na kiatu aliangalia pembeni. Nilimwuliza, "Ni kweli?" Akasema, "Kidogo tu, Ami." Nikamwuliza tena. Akasema, "Ni kweli."

Amerudi nyumbani. Anatembea kwa fimbo, na mguu wa kushoto unaburuta kisigino. Daktari amesema utaendelea kupata nafuu, lakini asizamie tena, maisha yake yote. Klabu imempa kazi ya kupanga safari na kupokea wageni. Anasema mezani hakuna kasa. Nilidhani ni mzaha, nikacheka. Kumbe hakuwa anacheka.

Mbwana ndiye anayenitia hofu. Saa imerudi kwenye msumari wake na hapiti karibu nayo. Klabu inamwita, haendi. Tangu Swabir aliporudi, Mbwana hali kwenye sinia. Huchukua wali wake katika bakuli akaenda kula jikoni, kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, mgongo kwetu. Jumapili Swabir alimfuata huko kwa fimbo yake. Niliwasikia.

"Utakula na kuku mpaka lini?"

"Niache, Swabir."

"Mimi ndiye niliyepinda mguu, wewe ndiye unayenuna. Nani mgonjwa hapa?"

"Mimi ndiye niliyekuletea."

"Uliniletea kwa kuwa unanipenda. Na mimi nilivaa kwa kuwa sikutaka kukurudisha na bodaboda yako bure. Nilijua, Mbwana. Nilijua na nikavaa."

Bakuli lilianguka, au Mbwana alilitupa.

Hafsa, nimefundisha watoto wa watu miaka mingi. Kila aliyesimama mbele yangu na sentensi mbovu nilimrudisha akaketi. Ngui wako alinipa sentensi mbovu yenye uhai wa mtoto wangu ndani yake, nami nikainyoosha maneno, nikairudisha, nikaendelea na mambo yangu. Haya nayaandika mara moja. Nisiyarudie.

Aliuliza saa ni ya mkono wa nani. Wewe ulinitaka jina, nami sikutaja. Niliona nikisema Swabir nitakuwa nimemtenga Mbwana, na nikisema Mbwana watu watasema nimempa wangu. Nikasema ni ya nyumba. Nyumba haina mkono.

Sasa nataka hivi. Niandikie wewe. Taja jina, na utoe masharti. Usiniandikie kama mtoto anavyomwandikia mzee. Acha shikamoo, acha "ikiwezekana". Niamuru. Barua hiyo nitaisoma mkekani, wote wawili wakisikia, na Mwanapili, na mimi mwenyewe nikisikia. Nikiisema mimi watasema "ndiyo" kama walivyosema siku zote, na sitajua walichokimeza.

Chande


Muscat, 26 Mei 2024

Saa ni ya Mbwana Chande. Si ya nyumba, si ya vijana, na tangu leo si ya Swabir. Niliponunua nilikuwa nikiuona mkono wa Swabir peke yake, na kwa aibu sikulisema hilo. Sasa nimelisema, na jina ninalolitaja ni la Mbwana.

Ami, itoe saa msumarini umvalishe wewe kwa mkono wako. Mbwana, usikunje ngumi. Nyosha mkono.

Saa hii haiazimwi. Mtu ambaye hakuwa nayo asubuhi asiivae jioni, awe ndugu, awe mgeni, awe kiongozi wa klabu. Akija mwenye shida, mumwombee Mungu, na mumnyime. Ubaya wake na uje kwangu Muscat.

Siku Mbwana anapoumwa, saa nayo huumwa. Ilale.

Mbwana arudi kazini Jumatatu inayofuata kusomwa kwa barua hii. Swabir ndiye atakayempangia safari, na akimwona amechoka amkatalie mbele ya wageni. Mbwana asibishane naye.

Mbwana arudi kwenye sinia. Sinia ni la wote. Saa ni ya mmoja. Nyumba inaweza kuyabeba yote mawili.

Na wewe, Ami. Mtu yeyote katika nyumba hiyo akikwambia "sina neno", muulize mara ya pili, kama ulivyomwuliza Swabir. Kisha nyamaza, mpaka aseme.

Umeniagiza niache salamu, nami nimeziacha. Nimepewa likizo ya mwezi wa saba. Salamu zenu zote ninazo hapa; nitakuja nazo mwenyewe.

Hafsa Garama Shutu